Maswali ya Wasomaji: Je, Nimtoe Mtoto Shuleni Ili Nimfundishe Mwenyewe Nyumbani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Pasua, hapa Moshi. Binti yangu mkubwa ana miaka 8, yuko darasa la tatu katika shule ya mchepuo wa Kiingereza iliyo mbali na kwetu. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na anarudi saa kumi na moja jioni. Jumamosi anakwenda tena hadi saa saba mchana. Siku nyingi anasinzia kijiko kikiwa mkononi kabla hajamaliza wali wake. Wiki mbili zilizopita nilimwomba atuongoze kuombea chakula, akaanza Baba Yetu, alipofika katikati akanyamaza, kisha akaniambia, "Mama, nimesahau, siku hizi hatuisemi." Nililia usiku ule. Binamu yangu anayeishi Njiro, Arusha, anawafundisha wanawe nyumbani kwa programu ya Kikristo kutoka Marekani, na ameniambia kwamba mzazi Mkristo anayemwacha mtoto katika shule za dunia anatenda dhambi. Mume wangu anasema nikimtoa mtoto shuleni nitakuwa nimevunja sheria. Nilimaliza kidato cha sita, na ninauza vitenge sokoni. Nifanye nini?

JIBU: Amina, mama mpendwa. Nianze na neno la mume wako, kwa kuwa ana hoja nzito. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafikia miaka 13 aandikishwe katika elimu ya msingi, na inamwajibisha mzazi kuhakikisha kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria masomo mpaka amalize. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imekwenda mbele zaidi, kwani inakusudia elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Sheria yetu inazungumza juu ya kuandikishwa na kuhudhuria, na haikuwekwa kwa kumfikiria mzazi anayetaka kuwa mwalimu pekee wa mwanawe. Marekani, nchi ilikotoka programu ya binamu yako, majimbo yote 50 yanaruhusu mzazi kumfundisha mtoto nyumbani. Ujerumani, ambako walitoka wamisionari walioleta Injili ya Kilutheri katika mlima wetu, hairuhusu isipokuwa kwa nadra sana. Kila nchi ina njia yake, na Mkristo hapaswi kuichukua sheria ya nchi ya wengine na kuishi nayo hapa kana kwamba ni ya kwao. Usimwondoe mtoto kimya kimya. Kama utalifikiria jambo hilo, mlango wa kwanza wa kugonga ni wa Afisa Elimu Kata wako, mkiwa wote wawili, wewe na baba yake.

Sasa neno la binamu yako. Najua anawapenda watoto wake na anajitoa kwa ajili yao, lakini sikubaliani naye kwamba ni dhambi mtoto kufundishwa na wengine. Danieli na wenzake waliingizwa katika shule ya mfalme wa Babeli wakafundishwa elimu ya Wakaldayo na lugha yao, wala hawakuacha kumwomba Mungu wa baba zao. Musa alilelewa katika nyumba ya Farao. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Hana. Alimpeleka Samweli Shilo akiwa bado mdogo, akamwacha mikononi mwa Eli, mzee ambaye wanawe mwenyewe walikuwa wameharibika, tena walikuwa wakitenda uovu wao pale pale Samweli alipokuwa akikulia. Hana hakuhamia Shilo. Lakini Biblia inatuambia kwamba kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea. Mama anayeshona nguo ya mtoto anayekua hana budi kujua mtoto ameongezeka kiasi gani, mabega yamepanuka vipi, mikono imefika wapi. Hana aliendelea kumpima mwanawe hata alipokuwa mbali naye. Ninachokisikia katika barua yako ni kwamba wewe unalala nyumba moja na binti yako, lakini umeanza kukosa nafasi ya kumpima.

Kwa hiyo naomba tuweke kando kidogo swali la kumtoa au kutomtoa, tusome pamoja mahali ambapo wajibu huu umeandikwa wazi kuliko pengine popote. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mstari wa 7, Musa anawaambia wazazi wa Israeli juu ya maneno ya Mungu: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hakutaja jengo wala siku ya sabato. Ametaja nyakati nne za siku ya kawaida ya mtu yeyote. Sasa zitazame nyakati hizo nne katika siku ya binti yako. Anapoondoka kitandani ni giza, na wewe unamvalisha soksi huku ukisikiliza honi ya basi. Anapotembea njiani yuko ndani ya basi hilo, na wewe hupo. Anapoketi nyumbani mbele yake kuna madaftari ya kazi za ziada. Anapolala, amelala tayari, kijiko kikiwa mkononi. Zile saa ambazo Mungu alimkabidhi mzazi zimechukuliwa zote nne, tena kwa ada mnayoilipa ninyi wenyewe. Hapo ndipo ninapoliona tatizo lenu, mama. Mtoto hakusahau Baba Yetu kwa sababu mwalimu wake wa hesabu si mwombaji. Aliisahau kwa sababu hana saa hata moja ya siku aliyobaki nayo pamoja nanyi akiwa macho.

Hili si lenu peke yenu. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimelitazama kwa miaka mingi hapa Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walipofika mwaka 1893 na kuanza kazi Machame, shule na kanisa vilikwenda pamoja, hata babu zetu walijifunza herufi na habari za Yesu kwenye benchi moja, kwa mwalimu mmoja, ambaye Jumapili ndiye aliyehubiri. Wakatoliki wa Kilema walifanya vivyo hivyo. Lilikuwa jema kubwa, na matunda yake tunayaona hadi leo. Lakini lilitujengea mazoea. Mzazi alizoea kwamba akimpeleka mtoto shule, amempeleka na kwa Mungu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule nyingi za makanisa zikawa chini ya Serikali, na hata shule za makanisa tulizojenga baadaye zimelazimika kushindana kwa ufaulu wa mitihani kama shule nyingine zote. Benchi lilibadilika, mazoea yetu hayakubadilika. Bado tunamkabidhi mtoto mlangoni pa shule tukidhani kwamba imani imo ndani ya ada.

Kwa wasomaji wetu Walutheri nitakumbusha jambo ambalo wengi tunalipita tunapofungua kitabu chetu wenyewe. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, juu ya kila sehemu aliandika kwamba haya ndiyo mambo ambayo baba mwenye nyumba anapaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Hakuanza na mchungaji wala mwalimu wa kipaimara. Hata hivyo Luther huyo huyo, miaka mitano kabla, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule za Kikristo, akisema kwamba wazazi wengine hawajali, walio wengi hawana ujuzi wa kufundisha, na wenye ujuzi hawana muda. Sioni kwamba alijipinga. Hesabu na lugha ngeni anaweza kufundisha mwingine kwa niaba yako. Kumwonyesha mtoto jinsi mtu anavyomtegemea Mungu nyumbani, fedha zikipungua, mgonjwa akiwa kitandani, baba na mama wakiwa wamekosana na sasa wanapatana, hakuna wa kukufanyia kwa niaba yako.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuzirudisha saa. Keti na mume wako mtafute shule ya kutwa ambayo binti yako anaweza kwenda kwa miguu, au kwa safari ya dakika kumi, hata kama jina lake si kubwa. Najua jirani watasema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inaweka chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na maongozi, na pamoja na hayo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Mtoto wa miaka 8 anayeamka saa kumi na moja kasoro na kusoma siku sita amenyimwa kitu ambacho hata sheria inakitambua. Zungumzeni na uongozi wa shule kuhusu Jumamosi. Msikubali kushawishiwa kwamba dawa ya uchovu wa safari ni bweni. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, na mimi niliyewaona watoto wa miaka 6 wakilia usiku wakimtafuta mama, niliipokea habari ile kwa shukrani.

Ushauri wa pili ni juu ya kile mtakachofanya saa hizo zikirudi, na hapa nisimame kidogo, kwa kuwa wazazi wengi huanza kwa nguvu na kuchoka ndani ya wiki mbili. Huiga shule. Hununua ubao, huweka ratiba, hupanga masomo saba, na mtoto aliyetoka darasani anakuta darasa lingine sebuleni. Mimi mwenyewe nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 29, na kila asubuhi niliwaongoza watoto wa watu katika sala. Jioni moja nilikuwa jikoni, sinia mapajani, nachambua maharage. Mwanangu wa tatu, aliyekuwa ameanza mafundisho ya kipaimara, akaketi kwenye kigoda na kuniuliza, "Mama, mwinjilisti anasema wazazi husali na watoto wao. Sisi mbona tunasali tukiwa na wageni tu?" Hakuwa na ujeuri. Alitaka kujua. Nilitafuta jibu ndani ya maharage yale nikalikosa, nikamwomba msamaha.

Tulianza siku ileile, kwa lile sinia. Nilichukua punje za mahindi, tukahesabu pamoja na wadogo zake mpaka 100. Nikawaambia wafumbe macho, nikaficha punje moja chini ya kikombe, nikawaambia wahesabu tena. Mdogo wao wa miaka 5 alihesabu mara tatu na kila mara akafika 99, akaanza kukasirika, akainua sahani, akainua mkeka, akatafuta mpaka chini ya jiko la mkaa. Alipoiinua ile punje alipiga kelele za furaha hata baba yao akatoka chumbani. Hapo ndipo nilipowasomea Luka 15, habari za mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Sikueleza kitu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na mpaka leo akisikia sura hiyo ikisomwa kanisani hunigeukia. Katika jioni ile kulikuwa na hesabu ya kutoa, kulikuwa na kusoma, kulikuwa na Injili, na haikuzidi nusu saa. Tulikaa na sura hiyo moja mwezi mzima.

Kwa hiyo, mama, usitafute mengi. Baba Yetu irudi mezani kesho, muiseme wote kwa sauti, taratibu, na anaposahau msimkemee, mwendelee naye. Zaburi moja kwa mwezi inatosha. Zaburi ya 23 mtoto wa miaka 8 anaweza kuishika kwa wiki tatu. Akiwa na wewe sokoni Jumamosi, aone unavyompimia mteja kitenge bila kupunja, na umwambie kwa nini hupunji. Akikuuliza swali usilolijua, mwambie hulijui, kisha mwende kumuuliza mchungaji mkiwa pamoja. Uliza pia shuleni ni nani anayefundisha kipindi cha dini. Shule nyingi zina kipindi hicho kwenye ratiba, na mara nyingi hubaki wazi kwa sababu usharika haukupeleka mtu. Huenda mtu huyo ni wewe.

Na ikiwa, baada ya yote haya, wewe na mume wako bado mnaona moyoni kwamba mnaitwa kumfundisha nyumbani masomo yote, nisikufiche ukubwa wa kazi hiyo. Kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile KKK, mama wa kidato cha sita mwenye subira anaweza kuzifundisha vizuri, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika maktaba yake ya mtandaoni. Ugumu unakuja kwenye mitihani. Mtoto hufanya upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kupitia shule iliyosajiliwa, kwa namba yake. Asiyepitia njia hiyo huishia kutafuta njia ya watahiniwa wa kujitegemea, afanye Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani kwanza, kisha ndipo ajiandikishe kwa mtihani wa kidato cha nne. Njia hiyo ni halali na imewainua wengi, lakini iliwekwa kwa waliokosa nafasi, na ni mzigo kumtwika mtoto ambaye hakuikosa. Kisha kuna duka. Huwezi kuwa sokoni na darasani saa ile ile, na mtoto aliyewekwa nyuma ya meza ya vitenge na kompyuta mpakato yenye video hajafundishwa na mama yake. Amefundishwa na kompyuta. Tena programu iliyoandikwa kwa watoto wa nchi nyingine humfundisha mtoto kuhesabu dola na kutaja majira ya theluji, huku Kiswahili chake, lugha atakayoombea, kikibaki nyuma. Mwambie binamu yako hayo kwa upendo, na umuulize jinsi yeye alivyoyatatua. Huenda ana la kukufundisha.

SWALI: Mimi ni baba wa watoto watatu, niko Kijenge, Arusha. Ni dereva wa watalii. Msimu ukianza mwezi wa sita huwa porini siku kumi au kumi na mbili, narudi nyumbani siku mbili, naondoka tena. Mke wangu ndiye anayesali na watoto na kuwafundisha Biblia. Nikirudi, mimi ndiye ninayeambiwa nani amekosa ili nimwadhibu, na adhabu yangu huwa ni kuwaandikisha mistari ya Biblia mara hamsini. Je, nimetimiza wajibu wangu?

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kusema ukweli wote bila kuficha. Nikuambie nami ukweli: sehemu ngumu ya wajibu wako umeifanya, kwa kuwa mkate wa watoto unatoka katika vumbi la Serengeti na hilo Mungu analiona. Lakini hiyo adhabu naomba uiache leo.

Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso, sura ya 6, mstari wa 4: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Aliwataja akina baba kwa jina, ingawa katika mistari iliyotangulia alikuwa akizungumza juu ya baba na mama. Nadhani alijua kwamba ni rahisi zaidi kwa baba kuwa sauti ya adhabu tu. Mtoto anayeandika "Bwana ndiye mchungaji wangu" mara hamsini huku mkono ukimuuma, akimsubiri baba amalize kukagua, anajifunza kwamba Neno la Mungu ni fimbo ya baba. Akikua akapata uhuru wake, ataitupa fimbo na Neno kwa pamoja. Kama kosa linastahili adhabu, mpe kazi inayolingana na kosa: aliyevunja kikombe aoshe vyombo wiki nzima, aliyemtukana mdogo wake ambebee begi. Biblia ibaki kuwa kitu mnachokifungua mkiwa mmepatana.

Kuhusu umbali, mkumbuke Ayubu. Wanawe walikuwa watu wazima, kila mmoja na nyumba yake, lakini baba aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa hesabu yao wote mbele za Mungu. Wewe unaamka saa kumi na moja kambini, kabla wageni hawajanywa kahawa. Wataje wanao watatu hapo, kila mmoja kwa jina na kwa jambo lake: hesabu zinazomsumbua huyu, rafiki mbaya wa yule. Ili uyajue mambo hayo, itakubidi uwaulize wao wenyewe, si mama yao tu.

Kuna baba mmoja katika usharika wetu, dereva wa lori la kwenda Lubumbashi, aliyekuwa na desturi niliyoipenda. Kabla ya safari alinunua daftari dogo la kurasa 40 na kumwandikia kila mtoto swali moja kwa kila siku atakayokuwa hayupo. Yalikuwa maswali mafupi: "Leo ni nani aliyekutendea wema?" "Yesu aliwalisha watu elfu tano. Wewe leo umegawa nini?" "Umeona nini njiani ambacho Mungu alikiumba na hujawahi kukitazama vizuri?" Mtoto alijibu kila jioni, na baba aliporudi aliketi naye sebuleni, kabla hajafungua mizigo, wakayasoma majibu. Simu haikuhitajika, na mtandao wa porini hauaminiki hata hivyo. Wewe una jambo ambalo dereva yule hakuwa nalo: kila siku unawaonyesha wageni nyumbu wakivuka mto na simba akilisha watoto wake. Andika swali juu ya hayo. Wanao hawajawahi kuisikia sauti unayoitumia kuwaeleza wageni uzuri wa nchi, na sauti ile ndiyo inayofaa kumwelezea mtoto Mungu.

Na mkeo ulipokuwa hupo amekuwa mwalimu peke yake. Siku zako mbili za nyumbani, ongoza sala wewe, yeye aketi akisikiliza.

SWALI: Mimi ni bibi wa miaka 71, niko Marangu. Nimeachiwa wajukuu wanne, wanasoma shule ya msingi ya hapa karibu. Sikusoma zaidi ya darasa la nne na macho yangu hayaoni maandishi vizuri. Wenzangu wananiambia watoto wa siku hizi hawawezi kufundishwa dini na mtu ambaye hakusoma. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo, Bibi yangu. Si kweli hata kidogo.

Paulo alipomwandikia Timotheo, kijana aliyekuja kuwa mchungaji wa kanisa, alimkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike. Katika barua zile zote bibi ametajwa mara moja tu, na anatajwa kwa imani yake, si kwa elimu yake. Nawe unajua, kuliko mimi, kwamba wazee wetu Wachagga walifundisha vijana mambo mazito ya maisha kwa mregho, fimbo iliyochongwa alama, ambapo kila alama ilibeba fundisho zima na aliyefundisha alilitoa kichwani. Ulimwengu ule ulikuwa wao na mila zile tuliziacha nyingi, lakini njia ya kufundisha kwa kichwa na kwa kitu kinachoshikika haikuwa mbaya.

Macho ya wajukuu ni mazima. Mkubwa asome, wewe ueleze. Mpe Luka sura ya 2 leo jioni, mkiwa mmeota moto jikoni, na atakapofika pale Yesu wa miaka 12 anapopatikana hekaluni baada ya wazazi kumtafuta siku tatu, msimamishe. Waulize wote wanne Mariamu alihisije usiku wa kwanza. Wewe umewahi kumtafuta mtoto aliyechelewa kurudi na majani ya ng'ombe giza likiwa limeingia kihambani; waambie hayo. Nyimbo unazozijua kwa kichwa waimbie ubeti mmoja mmoja wakati mnamenya ndizi, nao watazishika kabla ya Krismasi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mwalimu aliyesoma anayeweza kuwafundisha. Ni habari ya jinsi ulivyobatizwa: mwaka gani, kanisa lipi, nani alikusimamia, baba yako alisema nini, na Mungu alikutendea nini tangu siku hiyo, pamoja na miaka ambayo ulimlilia na hukuona jibu. Mchague mjukuu mwenye mwandiko mzuri, umpe daftari jipya, usimulie kidogo kila Jumapili alasiri, yeye aandike kwa maneno yako mwenyewe bila kuyarekebisha. Akikosea jina la mtu, mwambie alifute na kuliandika upya.